Umepigwa kabali shindanoni? Tazama ulichotoa kabla ya shingo

Mleta uzi, nimesoma ulivyosafiri kutoka Iringa mpaka Dar kwenye shindano lako la kwanza la jiu-jitsu, mchezo huu wa kuangushana na kukabana, ukiwa mkanda mweupe, yaani ngazi ya wanaoanza, ukapigwa kabali ya mgongoni mapema kabisa, na sasa unaona aibu kurudi mazoezini. Nimewasoma na waliokujibu. Mmoja kasema hakuna kushindwa, kuna kujifunza tu. Mwingine kasema mwanaume hagongi, yaani hapigi kofi kuashiria amekubali kushindwa, bora mkono uvunjike. Mimi nafanya jiu-jitsu hapa Mbeya na siku hizi nasimamia wanaoanza. Naona wote wawili wanakupoteza.

Nianze na huyo wa pili, maana ushauri wake ni wa hatari. Kabali ikikaa vizuri pande zote mbili za shingo, damu haifiki kichwani na mtu anazimia ndani ya sekunde chache. Kiwiko nacho kikinyooshwa kupita mwisho wake, hakuna muda wa kufikiria. Sasa angalia watu tunaofanya nao huku: dereva bodaboda wa Kabwe, fundi seremala wa Iyunga, vijana wanaobeba viazi Mwanjelwa. Mmoja wao akiharibika mkono, nyumbani hakupikwi. Ndiyo maana anayeanza namfundisha kugonga kabla sijamfundisha kukaba: gonga mwilini kwa mwenzako ili asikie, mikono ikiwa imebanwa gonga kwa mguu, mguu nao ukibanwa paza sauti.

Watu hupenda kumtaja Hélio Gracie, mmoja wa waanzilishi wa jiu-jitsu ya Brazili, kwamba mwaka 1951 kule Maracanã, Rio de Janeiro, alikataa kugonga mbele ya Masahiko Kimura, mcheza judo wa Japani. Ni kweli hakugonga. Lakini aliyesimamisha pambano ni kaka yake Carlos, aliyekuwa pembeni akiona mkono wa mdogo wake unavyokwenda. Wewe kule Dar pembeni ulikuwa na nani? Kinachonigusa mimi kwenye habari ile ni kilichofuata. Ule mkunjo wa mkono uliommaliza Hélio unaitwa kimura mpaka leo, jina la aliyemshinda, na unafundishwa kwenye kila ukumbi wa jiu-jitsu. Walishindwa, wakauchukua ukawa wao.

Huyo wa kwanza ana nia njema, ila sikubaliani naye. Shindanoni kuna refa, kuna pointi, na mkono unaoinuliwa ni mmoja. Umeshindwa, inauma, na acha iume. Kushindwa peke yake hakumfundishi mtu kitu. Nimeona watu wakikabwa kabali ileile tangu masika mpaka masika mengine, na kila mara swali lao ni moja: "Nikishafika hapa natokaje?" Ukishafika hapo umechelewa. Rudi nyuma.

Umeandika kwamba uliangushwa, jamaa akaanza kuipita miguu yako, ukageuka upige magoti uinuke, akawa mgongoni. Tuhesabu basi. Kuangushwa ni pointi 2. Kupitwa gadi, yaani mtu kuivuka miguu unayomzuia nayo ukiwa chini, ni 3. Kukamatwa mgongo, miguu yake yote miwili ikiwa imeingia mapajani mwako, ni 4. Umekimbia 3 ukatoa 4, na shingo ukaiweka mezani. Ungekubali kupitwa, ukalala ubavu, ukabana viwiko, ukaingiza goti polepole kurudisha gadi, ungekuwa nyuma kwa pointi 5 na pambano linaendelea. Kwa mkanda mweupe wa watu wazima pambano huwa dakika 5, muda ulikuwepo. Kilichokugeuza ni kutotaka kabisa kushindwa, hata kidogo.

Na tabia hiyo hukuipatia Dar, ulitoka nayo mazoezini. Ukumbini kwenu ukipitwa gadi unajisikiaje? Kama unakasirika, basi mwili umeshazoea kwamba kupitwa ndiyo mwisho wa dunia, na siku ya shindano utafanya lolote kukwepa hilo, pamoja na kutoa mgongo.

Tuna kijana hapa anayebeba lumbesa sokoni, ana nguvu za ajabu. Ukumbini alikuwa anashinda karibu kila mtu kwa njia moja: anakamata kichwa, anabana mpaka mtu anachoka. Alipokutana na mkanda wa bluu, ngazi inayofuata baada ya mweupe, wa uzito wake, kichwa hakikukamatika, na hakuwa na kingine. Nikampa sharti kwamba kila sparingi, yaani pambano la mazoezi, aanze mtu akiwa tayari kamkaa mgongoni. Alilichukia sharti hilo kweli kweli. Kuna dada mwepesi kabisa, hafiki hata kilo 60, akawa anamkaba, wanaanza upya, anamkaba tena. Lakini taratibu nikaona mikono ya kijana inaacha kuhangaika. Kwanza yote miwili inakwenda kwenye ule mkono unaopita juu ya bega, halafu anayashusha mabega mpaka yaguse mkeka, halafu ndiyo nyonga zinafuata. Siku alipotoka, dada yule ndiye aliyeshangilia kuliko wote. Na hata akishambulia sasa ni mtu mwingine: anajaribu vitu, kwa sababu akikosea na mgongo ukachukuliwa, anajua aanzie wapi.

Ushindi wa mazoezini nao uuhoji hivyohivyo. Ukimgongesha mtu mwepesi kwa uzito wako, hujapata jibu lolote.

Kuhusu majirani wa Kihesa wanaokuuliza medali iko wapi, waambie ukweli: nilikabwa, nikagonga. Sentensi moja, wataendelea na shughuli zao. Ukirudi mazoezini mwombe kocha akuanzishe chini, ukiwa umeshapitwa, raundi baada ya raundi, na kwa wiki kadhaa usihesabu nani kamgongesha nani.

Kuna kitu hujakiandika. Kabla hujaangushwa, jamaa alikamata wapi kwanza: ukosi wa kimono (vazi letu la jiu-jitsu), mkono wa kimono, au alishuka moja kwa moja miguuni? Na wewe ulikuwa umemshika wapi? Kama kuna mtu aliyerekodi kwa simu, itazame taratibu halafu urudi hapa utuambie, maana nashuku shida ilianza mngali mmesimama.