Simu inasoma, kaunta inakataa

SWALI: Natengeneza siagi ya karanga nyumbani. Fundi wa stika Kariakoo alinichorea msimbopau (ile mistari inayosomwa na mashine ya dukani) mwekundu ili uendane na lebo yangu. Simu yangu inausoma vizuri, lakini supamaketi iliyopokea makopo yangu mashine ya kaunta haisomi, keshia anaishia kuandika namba kwa mkono. Fundi anasema mashine yao ni mbovu. Ni kweli? Na nikichapisha stika mpya, naweza kuingiza jina, bei na namba ya bechi humohumo kwenye mistari? Nimeambatanisha picha, nimeweka na rula. – Mama wa karanga, Tabata

JIBU: Mashine ni nzima, dada yangu. Mbovu ni stika, na pole kwa gharama. Hiyo kauli ya "mbona simu inasoma" naisikia karibu kila wiki kwenye meza yangu ya lebo, na sijaona nyingine inayowapotezea wajasiriamali fedha nyingi kama hiyo.

Skana nyingi za kaunta humulika kwa mwanga mwekundu, kisha hupima kiasi kinachorudi. Penye weupe hurudi mwingi, penye mstari hurudi kidogo, na kwa tofauti hiyo ndipo namba inaposomeka. Sasa wino mwekundu huurudisha mwanga mwekundu karibu sawa na karatasi nyeupe. Mbele ya skana ya aina hiyo stika yako ni karatasi tupu. Simu inatumia kamera, kwenye mwanga wa jua au wa taa wenye rangi zote, tena inapiga picha baada ya picha mpaka ipate moja inayoeleweka. Kusoma kwa simu hakuthibitishi lolote kuhusu kaunta. Chapisha mistari myeusi juu ya weupe. Bluu iliyokolea nayo hufaa. Nyekundu, chungwa na dhahabu achana nazo, hata kama lebo itapungua urembo.

Lakini usikimbilie kubadili rangi tu, maana rula yako imenionyesha kosa la pili: mistari yote, mwanzo hadi mwisho, ina upana wa milimita 19. Fundi aliishika kona ya picha akaibana mpaka ikaenea kwenye lebo. Msimbopau haubanwi hivyo. Huu wako, wa EAN-13, yaani aina ya tarakimu 13 inayotumika kwa bidhaa za dukani, umegawanywa vipande 95 vyenye upana sawa. Kila tarakimu inayochorwa huchukua vipande 7, vikiwa mistari miwili na nafasi mbili. Upande wa kushoto, 1 huweza kuandikwa nafasi ya vipande 2, mstari wa 2, nafasi ya 2, mstari wa 1. Ile 7 ni nafasi ya 1, mstari wa 3, nafasi ya 1, mstari wa 2. Tofauti ya tarakimu na tarakimu ni kipande kimoja tu huku na huku! Kipande hicho hakitakiwi kupungua milimita 0.264, na kipimo cha kawaida ni 0.33. Wako umebaki na 0.2.

Printa nyingi za stika zina nukta 8 kwa milimita, yaani nukta moja ni milimita 0.125. Kipande cha 0.2 kinahitaji nukta moja na sehemu ya nukta, na printa haina nusu nukta. Hapo itatoa nukta moja, pale mbili, na vipande vilivyopaswa kulingana havilingani tena. Mwambie fundi aweke nukta 3 kamili kwa kila kipande. Pamoja na weupe wa pembeni utahitaji kama milimita 43. Weupe huo nao ni sehemu ya msimbo: vipande 11 kushoto na 7 kulia, bila maandishi wala ua la karanga kuingia humo. Kama kopo ni jembamba, ulaze msimbo ubavu, mistari ikae kama vidato vya ngazi, usije ukapinda ukajificha nyuma ya kopo.

Jina na bei haviingii. EAN-13 hubeba namba peke yake. Jina na bei hutoka kwenye kompyuta ya duka, ndiyo maana wanaweza kubadili bei bila kugusa kopo lako. Bechi iandike kwa maandishi ya kawaida kwenye kopo. Ukitaka isomwe na mashine, tumia msimbopau wa aina nyingine, Code 128, kwenye katoni, huo hubeba herufi na namba. Ila usikubali mtu akuandikie Code 128 kwa kupakua fonti na kuchapa maneno. Unahitaji alama ya kuanza, alama ya uhakiki inayokokotolewa, na alama ya kumaliza. Fonti tupu haikokotoi, hutoa mistari mizuri isiyosomeka popote.

Kuna jambo hukuliuliza, ila linanikosesha usingizi: hiyo namba ameitoa wapi? Wako wanaouza "msimbopau wa haraka" kwa kubuni namba au kunakili ya bidhaa nyingine, kisha wanakuonyesha kwamba programu imeikubali. Programu huangalia tarakimu ya mwisho tu: kutoka kulia zidisha zilizotangulia kwa 3, 1, 3, 1, jumlisha, tafuta kinachobaki kufika kumi inayofuata. Hesabu hiyo hunasa kosa la kuchapa. Haijui mwenye namba ni nani. Siku mwenyewe akipeleka bidhaa yake duka lilelile, siagi yako itaita sabuni ya mtu, na watakaotolewa rafuni ni ninyi mliokuja na namba ya kuokota.

Namba zinazoanza na 620 hutolewa hapahapa Dar es Salaam na GS1 Tanzania, shirika linalosajili namba za misimbopau, kwa jina la biashara yako. (620 inaonyesha namba ilikotolewa, haisemi kwamba karanga zimesagwa Tanzania.) Kwa hiyo kabla ya kulipia stika mpya, mwombe fundi karatasi ya usajili wa hiyo namba yenye jina la biashara yako. Akianza kukuambia simu inasoma, chukua hela yako kabla hajawasha printa.