Safari ya meli na watoto: anza na umri wa mdogo wao

Wazazi wenzangu wakiniuliza kuhusu likizo ya meli, karibu wote huanza na ramani. Twende Karibi au Mediterania? Tuone fiodi za Norway, zile ghuba nyembamba kati ya milima, au visiwa vya Ugiriki? Nami huwarudishia swali: mdogo wenu atakuwa na umri gani siku ya kupanda meli? Siulizi umri wake wa leo. Siku ile ya safari ndiyo itakayoamua kama ataruhusiwa kupanda, ataogelea wapi, nani atakaa naye mkitaka kupumua, na kama nyinyi wakubwa mtakula chakula cha usiku kikiwa bado cha moto.

Kampuni nyingi kubwa hazipokei mtoto aliye chini ya miezi 6. Kwa safari za kuvuka bahari kuu, au zenye siku kadhaa mfululizo bila kuona bandari, kiwango hicho hupanda hadi miezi 12. Si ukorofi. Zahanati ya melini ina daktari na wauguzi, lakini haijatayarishwa kumlaza mtoto mchanga mahututi, na mkiwa katikati ya Atlantiki si rahisi msaada wa nje kuwafikia. Ndiyo maana zile safari za bei ya chee, meli zinapohamishwa kutoka Karibi kwenda Ulaya kufuata msimu, huwavutia sana wenye watoto wachanga kisha zikawakatalia. Mjamzito naye asome masharti mapema, kwa kuwa kampuni nyingi hazimchukui atakayekuwa amefika wiki ya 24 kabla safari haijaisha. Halafu kuna meli zisizotaka mtoto hata mmoja: kampuni za Virgin Voyages na Viking hupokea abiria wa miaka 18 na kuendelea tu. Ukiona picha za sitaha tulivu zisizo na kelele, ujue utulivu huo una sababu.

Jambo la pili ni pampasi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo likizo nyingi zinapokwama.

Kwenye meli nyingi, mtoto ambaye hajaacha pampasi haruhusiwi kuingia kwenye bwawa la wote, hata akivaa zile pampasi maalumu za kuogelea. Ni sheria ya afya, na wahudumu huisimamia bila kumwonea mtu haya. Sasa fikiria mtoto wa mwaka mmoja na nusu, jua kali, maji ya buluu mbele yake, na wewe umemshika mkono ukimwambia hapana kutwa nzima. Baadhi ya meli zina kijisehemu cha maji yanayorushwa, kilichotengwa kwa ajili ya hawa wadogo. Disney wanacho kwenye meli zao, na Royal Caribbean kwenye baadhi ya meli zao. Usiridhike na jibu la jumla kwamba “kampuni yetu ni rafiki kwa watoto.” Taja jina la meli, uliza: mtoto wa pampasi ataingia maji gani?

Klabu za watoto nazo hazifanani. Royal Caribbean huanza na miaka 3, na lazima mtoto awe anakwenda chooni mwenyewe. Carnival wanapokea kuanzia miaka 2, na pampasi hubadilishwa na wahudumu wao. Disney wana chumba cha kulelea wachanga kuanzia miezi 6 hadi miaka 3, ambacho hulipiwa kwa saa, kwa hiyo nafasi zake zinagombewa. Ukiniuliza mimi, mwenye mtoto wa miaka miwili ataona tofauti kubwa zaidi hapa kuliko kwenye jambo lingine lolote lililoandikwa kwenye tangazo.

Nakumbuka foleni ya kuandikisha watoto jioni ya kupanda meli. Mbele yangu alikuwepo baba mmoja amembeba bintiye, kigauni kimejaa nyota, viatu vinamulika kila akitikisa mguu. Mhudumu aliangalia kadi, akamtabasamia mtoto, kisha akamwuliza baba kwa sauti ya chini kama mtoto bado anavaa pampasi. “Usiku tu,” akajibu baba. Na akilala mchana? Baba akanyamaza kidogo. Walimpokea mtoto, wakampa baba simu ndogo na kumwambia likitokea la kutokea ataitwa aje kumbadilisha. Haikupita saa moja nikamwona anarudi mbio kwenye korido, mfuko wa nguo mkononi, sahani yake ya chakula ameiacha mezani. Mke wake alicheka kuliko yeye.

Wakubwa wana shida yao. Kwenye baadhi ya meli klabu ya matineja ni ya miaka 12 hadi 17, na mtoto wa miaka 12 anaweza kukataa kata kata kuingia chumba kilichojaa wa miaka 17. Mpeleke usiku wa kwanza, hata akinuna. Urafiki hufungwa usiku ule, na anayekuja siku ya tatu hukuta vikundi vimeshajipanga. Hapo pia ndipo msimu unapokuwa na maana. Watoto wakiwa bado hawajaanza shule, safiri nje ya likizo za shule: bei hushuka na foleni hupungua. Ukiwa na tineja, mimi ningelipa zaidi nisafiri wakati wa likizo ili akute wenzake. Tineja asiye na wa kuzungumza naye atakuwa nanyi chumbani, na vyumba vya meli ni vidogo.

Tuje kwenye chumba. Abiria wa tatu na wa nne katika chumba kimoja kwa kawaida hulipa kidogo, na mara nyingine mtoto hutangazwa bure kabisa. Lakini hiyo bure haifuti kodi za bandari, na mara nyingi haifuti bakshishi. Bakshishi ya kila siku kwenye kampuni nyingi za Marekani ni kama dola 16 hadi 20 kwa kila kichwa, na kampuni kadhaa huwahesabu watoto sawa na wakubwa. Chukua dola 18: watu wanne kwa usiku 7 ni dola 504, ambazo hazimo kwenye ile bei kubwa ya rangi nyekundu. Kabla hujalinganisha kampuni mbili, omba jumla ya mwisho.

Vitanda vya watoto mara nyingi hushushwa kutoka ukutani au kwenye dari. Watoto hupenda sana; wazazi hugongana magoti. Kabla ya kulipia chumba cha watu wanne chenye roshani, uliza bei ya vyumba viwili vya ndani vyenye mlango wa katikati. Tofauti yaweza kuwa ndogo, na mtapata bafu mbili, kitu ambacho utakikumbuka kwa shukrani kila asubuhi. Na msichelewe. Idadi ya watu kila sehemu ya meli hufungwa na nafasi za boti za kuokolea, kwa hiyo vyumba vinaweza kuwa bado vipo lakini nafasi ya mtu wa tatu na wa nne imekwisha.

Roshani na watoto wadogo? Watu wengi huogopa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 inataka kingo za meli zinazopakia au kushusha abiria huko ziwe na kimo kisichopungua inchi 42, yaani kama sentimita 107. Kingo yenyewe hainitishi. Kinachonitisha ni kiti na meza ndogo vinavyowekwa kando yake, kwa hiyo mwombeni mhudumu wa chumba aviondoe. Wenye kuona kichefuchefu wachague chumba cha katikati ya meli, sitaha za chini, ambako mtikisiko ni mdogo. Angalia pia kwenye mchoro kuna nini juu ya dari yako. Chumba kilicho chini ya ukumbi wa muziki hakilazi mtoto saa mbili usiku.

Chakula cha jioni kwa mtindo wa zamani kina zamu mbili, moja mapema na nyingine inayoanza usiku tayari umeingia. Wenye watoto chukueni ya mapema, au ule utaratibu wa kula wakati wowote. Sina la kuongeza hapo.

Ukubwa wa meli ni suala la mwili wa mtoto kuliko la fahari. Icon of the Seas, iliyoanza kazi mwaka 2024, hubeba abiria zaidi ya 7,000 ikijaa, na ina mtaa mzima uliotengenezwa kwa familia zenye watoto wadogo. Mtoto wa miaka minane atadhani amefika peponi. Wa miaka mitatu atataka kubebwa kutoka chumbani hadi kwenye chakula, na kurudi. Meli ya wastani haimchoshi sana. Kwa wanaotaka mirija ya kuteleza majini na kuta za kupanda, mpime mtoto kimo nyumbani, kisha ulinganishe na masharti ya meli. Kulia pale juu kwenye ngazi, watu wamejipanga nyuma, ni aibu ya familia nzima. Uliza pia kama mabwawa yana waokoaji, maana si kampuni zote zinazowaweka.

Sasa ile ramani. Jina la mji kwenye ratiba si lazima liwe mahali meli inaposimama. “Roma” ni Civitavecchia, kilomita zaidi ya 70 kutoka Roma. “Paris” ni Le Havre, kama kilomita 200. “Berlin” ni Warnemünde, na safari yake ni kama saa tatu kwenda na nyingine tatu kurudi. Tangu Agosti 2021 meli kubwa hazipiti tena mbele ya uwanja wa San Marco kule Venice. Mkubwa anaweza kuvumilia basi kwa ajili ya kanisa zuri. Mtoto wa miaka minne hatavumilia, na hatakusamehe.

Kuna pia bandari ambako meli hutia nanga mbali na abiria hupelekwa ufukweni kwa boti ndogo, kama Santorini kule Ugiriki. Kigari cha mtoto hukunjwa, mtoto hubebwa, mnasubiri foleni kwenda na kurudi, na pale Santorini mkishuka bado kuna mlima wa kupanda kwa gari la kamba, punda au ngazi mamia. Linganisha na Flåm kule Norway, ambako kituo cha treni kiko hatua chache kutoka melini, au CocoCay katika Bahamas, ambako meli hufunga gatini na mnatembea hadi kwenye mchanga. Nikiwa na wadogo mimi hutafuta bandari za namna hii. Kwenye bandari nyingine mimi hubaki melini na watoto: meli huwa tupu, na mirija ya maji haina foleni.

Msimu wa vimbunga vya Atlantiki ni kuanzia 1 Juni hadi 30 Novemba, unaoangukia likizo ndefu za shule katika nchi nyingi. Mara nyingi safari haifutwi, ila njia hubadilishwa, na mkataba uliousaini unairuhusu kampuni kufanya hivyo. Aliyechagua kwa bandari atasikitika. Aliyechagua meli inayowafaa watoto wake hatapoteza sana.

Mambo ya hati za safari hayana mjadala. Hesabu nchi zote ambazo meli itafika, si ile ya kupandia tu. Meli ikitoka Barcelona ikapita Tunisia na kurudi Ulaya, anayehitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, ataihitaji ya kuingia zaidi ya mara moja. Mzazi anayesafiri bila mwenzake abebe barua ya ridhaa. Bima iwe na gharama za kuhamishwa mgonjwa kutoka melini, kwa sababu zahanati ya meli hulipwa palepale na haikubali kila kadi ya bima.

Siku ya kupanda, mabegi makubwa huchukuliwa gatini na yanaweza kukufikia jioni. Nguo za kuogelea, dawa na pampasi zikae kwenye mkoba wa begani. Kisha kuna zoezi la usalama. Tangu ajali ya meli ya Costa Concordia ya Januari 2012 kanuni zilikazwa: zoezi hufanyika kabla meli haijang'oa nanga au mara tu inapoondoka. Omba jaketi la kuokolea la kipimo cha mtoto siku hiyo hiyo, na ukimwandikisha klabu uliza swali moja la wazi: king'ora kikilia yuko kwenu, mtamleta kwenye kituo chetu cha kukusanyikia au nije kumchukua?