Jibu: Flashi ya macOS inaishia kwenye kiduara chenye mstari

Ndugu, umesema ukijaribu kusakinisha macOS kwa flashi kwenye laptopu yako ya Intel isiyo ya Apple (Hackintosh), inaonyesha nembo ya tufaha, halafu kile kiduara chenye mstari wa mshazari. Usianze kubadilisha kila faili, utapotea. Ongeza kwanza -v (inayoonyesha hatua za kuwaka kwa maandishi) kwenye boot-args ndani ya config.plist, faili la mipangilio la OpenCore, ile programu inayoiwasha macOS; kisha uwashe upya na usome mistari ya mwisho.

Ukiona "Still waiting for root device", mfumo umeanza vizuri ila umeipoteza flashi njiani. Mimi lilinisumbua siku tatu, kumbe ni tundu tu. Hamishia flashi kwenye tundu la USB 2.0; kama huna, ipitishie kwenye habu ya USB 2.0. Hiyo ni ya kuvukia tu. Dawa yenyewe ni kupanga matundu yako (kuchagua yapi macOS iyatumie) kwa programu ya USBToolBox ukiwa kwenye Windows, kwa sababu tangu macOS 11.3 XhciPortLimit (mpangilio wa OpenCore) haiondoi tena ule ukomo wa matundu 15 kwa kila kidhibiti.

Kwenye BIOS (mipangilio ya msingi ya laptopu) zima Secure Boot na uweke SATA, yaani muunganisho wa diski, kwenye AHCI.

Ikikwama kwenye mstari wa EXITBS:START, hilo ni tatizo jingine kabisa: kagua sehemu ya Booter ndani ya config.plist. Tuma picha ya skrini tuitazame.