Pesa ya gari la kukodi ipelekeni kwenye mazoezi

Wadogo zangu mnaoanza kushuti hapa Mwanza, nimesomeshwa tena skripti ya filamu ya mapenzi yanayotokea mwaka 1958, ambayo bajeti yake inaanza na gari la zamani na droni. Naipenda hadithi yenu, ndiyo maana nasema.

1. Kastini, yaani chagueni, waigizaji wawili wa penzi kwa pamoja. Staa wa Dar atauza posta, lakini penzi linauzwa na watu wawili wakitazamana. Niliwahi kusimamia kontinyuiti (kuhakikisha mavazi na vitu havibadiliki kati ya picha na picha) kwenye filamu ya binti wa mkulima wa pamba na karani wa chama cha ushirika. Staa peke yake alikula karibu nusu ya bajeti, hapo bado hoteli na ndege. Kwenye tamthilia za mjini ni fundi kweli, namheshimu mpaka leo, ila uhusika ule haukuwa wake. Nyusi zimechorwa kwa wino, kucha za bandia zimebanduliwa asubuhi ileile, na kuchuma pamba hajui. Kiumri angekuwa dada mkubwa wa karani. Wawili hao walionana mara ya kwanza siku ya kushuti, maana fungu la mazoezi lilishaliwa na gari la zamani la kukodi. Sini (tukio) ya kuagana ziwani, kijana akamshika mkono kama anapokea risiti. Rudia, rudia, jua linazama, mwenye gari anadai masaa ya ziada. Kilichopatikana ndicho kilichoingia kwenye filamu. Na kwenye usaili alikuwepo binti wa Magu aliyemfanya kijana yuleyule asahau maneno yake! Akapewa kupita na ndoo.

2. Droni iacheni. Ukipanda tu unakutana na Bugando, hospitali iliyofunguliwa 1971. Ufukweni kagueni gugumaji, limeanza kuonekana ziwa hili mwishoni mwa miaka ya 1980. Mezani msiweke sangara: alipandikizwa miaka ya 1950, akaja kujaa sokoni miaka ya 1980. Tafuteni ningu au furu.

3. Kanga mpya zifueni na kuzianika juani mara kadhaa kabla ya kushuti.

4. Karani wa 1958 aondoke kwa treni, reli imefika Mwanza tangu 1928. Mabehewa kumi hamyahitaji. Bana fremu kwenye dirisha moja na nyuso mbili, honi mtaiweka wakati wa kuhariri.