Kwa anayeanza kukusanya sarafu za dharura za miji ya Ujerumani

Wengi wanaoanza kukusanya sarafu hizi huvutwa na picha na maumbo yake, yaani za pembe nane, za mraba na zenye tundu katikati, lakini ushauri wangu ni kwamba uanze na madini. Vita vilipozuka mwaka 1914 watu walificha sarafu za fedha majumbani, kisha serikali ikahitaji shaba na nikeli kwa ajili ya silaha, na chenji ikaadimika kiasi kwamba miji, wilaya, viwanda na hata kampuni ya tramu ya Stuttgart zilitoa sarafu zao wenyewe za zinki na chuma, nyingi zikiwa za pfennig 5, 10 na 50 (pfennig 100 ni marki 1, pesa ya Ujerumani ya wakati huo). Sarafu ya zinki ya mwaka 1917, hata ikiwa imefifia, ilizaliwa na uhitaji wa kununulia mkate.

Uwe na sumaku ndogo mfukoni. Chuma hunasa, zinki na alumini hazinasi, na alumini utaitambua kwa wepesi wake. Usizisafishe: zinki hufanya utandu mweupe na chuma hushika kutu, lakini anayesugua kwa siki au kwa brashi ya waya huondoa na maandishi, na mnunuzi mzoefu huiacha mezani sarafu inayong'aa isivyo kawaida. Zihifadhi pakavu, basi.

Soma jina lote la mtoaji. Kuna Frankfurt mbili, moja kando ya mto Main na nyingine kando ya Oder; Cassel, Crefeld na Coblenz ziliandikwa kwa C wakati huo, ilhali leo huandikwa kwa K; na Kattowitz na Allenstein sasa ziko Poland, zikiitwa Katowice na Olsztyn.

Kosa linalogharimu wageni zaidi ni kudhani kwamba kila sarafu ya dharura ilitumika sokoni. Kufikia mwaka 1920 miji mingi ilikwisha kugundua kwamba wakusanyaji hulipa bila kurudi kudai thamani iliyoandikwa, ikawa biashara. Sarafu za kauri, yaani udongo uliochomwa, za kiwanda cha vyombo cha Meissen, za kahawia na nyeupe, zenye alama ya panga mbili zilizopishana, ni kazi ya kupendeza mno, ila nyingi ziliishia kabatini, hasa zile zenye ukingo wa dhahabu. Zinunue ukizipenda, lakini usilipe bei ya ushahidi wa njaa.

Kwa zile za mfumuko wa bei wa mwaka 1923, hesabu sifuri kwa makini. Sarafu kubwa ya jimbo la Westfalen, yenye sura ya Freiherr vom Stein, mwanasiasa wa Prussia, upande mmoja na farasi upande wa pili, imeandikwa Billion 1, ambayo kwa Kijerumani ni trilioni yetu. Marki za karatasi za kiasi hicho ndizo zilizobadilishwa kwa Rentenmark 1 tu, aina mpya ya pesa iliyoanza Novemba 1923.

Msomaji wa Tanzania atakutana pia na sarafu zenye herufi T zilizofuliwa Tabora mwaka 1916, za heller 20 (heller 100 zilikuwa rupia 1) na ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye tembo. Nazo ni za dharura ya vita vilevile, lakini zitengee albamu nyingine, kwa kuwa zilitolewa na serikali ya koloni, wala si na mji wa Tabora.