Re: Chainizi imegeuka njano baada ya kuweka mabaki ya uyoga

Habari ndugu wa Uyole. Kama nimekuelewa, ulimwaga mabaki ya mifuko ya kuoteshea uyoga (maranda au majani ya mpunga) moja kwa moja kwenye tuta, ukapanda chainizi, na baada ya wiki mbili majani ya chini yakawa njano na mche ukadumaa.

Kwanza chimbua kidogo. Ukiona maranda au majani ya mpunga bado mazima, tatizo liko hapo. Vijidudu vinavyoyaozesha vinanyonya naitrojeni ya udongo, yaani kirutubisho cha kukuza majani, mboga inabaki na njaa. Mimi yalinikuta huku Iringa kwenye spinachi, na nilichelewa kung'amua kwa sababu nilidhani ni ukungu.

Usiing'oe. Loweka samadi ya ng'ombe kwenye ndoo wiki moja, ichuje, changanya na maji hadi iwe na rangi ya chai ya rangi, mwagilia pembeni ya shina. Majani mapya yakitoka kijani, umepona. Yale ya njano hayarudi.

Mabaki yaliyobaki yarundike na samadi na majani mabichi, yalowe kiasi, geuza kila baada ya wiki mbili. Mwezi wa sita na wa saba baridi yetu inachelewesha sana, hivyo mimi husubiri miezi mitatu. Yakiwa meusi, yanapukutika na kunukia udongo, weka ndoo moja kwa ndoo tatu za udongo.

Ila kama mifuko ya uyoga wako iliwekewa chokaa, usiyapeleke mabaki yake kwenye viazi mviringo. Chokaa ikizidi, viazi hupata ukurutu, yaani mabaka makavu kwenye ganda.