Je, kuna mtu nuksi?

Swali: Assalamu alaykum, shehe. Tangu niolewe, mume wangu amepoteza kazi na baba mkwe amefariki, yote ndani ya mwaka mmoja. Wifi zangu wananiita nuksi, wanasema nimewaletea mkosi. Neno hili hasa lina maana gani, na je, mtu anaweza kuwa nuksi?

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu baba mkwe wako, amfungulie mumeo mlango wa riziki, na akupe subira. Uliyoambiwa si maneno madogo.

Nuksi, au nuhusi kama wanavyotamka wengine, hutumika kwa namna mbili. Anayesema "leo nimepata nuksi" kwa kuwa shughuli yake imeharibika, anasimulia tu yaliyomfika. Hilo ni jepesi, ingawa "Alhamdulillahi kwa kila hali" lingekuwa bora zaidi mdomoni mwake. Lakini anayesema "fulani ni nuksi" au "Jumanne ina nuksi" hasimulii tena, anatoa sababu. Anadai kwamba kiumbe huleta shari kwa kuwapo kwake tu. Hapa ndipo dini inapokataza.

Kiarabu chake ni nahs, nalo limo ndani ya Qur'ani: Suratul-Qamar, aya ya 19, inasema watu wa Adi, kaumu ya Nabii Hud, walipelekewa upepo katika siku ya nuhusi. Wapiga falaki huishika sana aya hii. Wangesoma pia Suratul-Haqqa, aya ya 7: upepo ule ulivuma usiku saba na siku nane mfululizo. Siku nane zinamaliza juma zima! Kama nuhusi ni ya siku zenyewe, imebaki siku gani iliyo njema? Na katika adhabu hiyo hiyo Nabii Hud na waliomwamini waliokolewa. Nuhusi ilikuwa ya Adi kwa ukafiri wao, siku hazina kosa.

Waarabu wa zama za Jahiliya, yaani kabla ya Uislamu, walimtazama ndege kabla ya safari: akiruka kulia wanaondoka, akiruka kushoto wanarudi nyumbani. Ndiyo asili ya neno tiyara, yaani kuamini ishara za mkosi, linalotokana na tayr, yaani ndege. Nasi Waswahili tuna "ndege mbaya" yetu, imani ile ile kwa lugha nyingine. Mtume (s.a.w.) alisema hakuna tiyara, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, na katika upokezi wa sahaba Ibn Masud kwa Abu Daud na Tirmidhi akaiita shirki.

Sasa wewe. Soma Suratul-Aaraf, aya ya 131. Watu wa Firauni wakipata neema walisema ni haki yao. Wakifikwa na baya, mkosi wakamtupia Musa na walio pamoja naye. Thamudi nao wakamwambia Nabii wao Saleh maneno kama hayo. Manabii wa Mwenyezi Mungu waliitwa nuksi, dada yangu, na waliowaita hivyo ndio waliokuwa katika makosa.

Huenda ukatajiwa hadithi isemayo mkosi umo katika mwanamke, nyumba na farasi. Upokezi mwingine ulio sahihi unasema: "kama mkosi ungekuwamo katika kitu, ungekuwa katika hivyo", na Bi. Aisha (r.a.) aliikataa vikali ile ya kwanza, akaeleza kuwa Mtume alikuwa anataja waliyoyaamini watu wa Jahiliya. Bibi huyu aliijua dhana hiyo vizuri. Waarabu waliona ndoa ya mwezi wa Shawwal haina heri, naye aliolewa Shawwal, akaingia nyumbani kwa Mtume Shawwal, kisha akauliza: ni mke gani aliyekuwa na nafasi kwake kunishinda mimi?

Wasiwasi ukikuingia moyoni, usijilaumu. Ibn Masud amesema hakuna kati yetu asiyepitiwa nao, ila Mwenyezi Mungu huuondoa kwa kumtegemea Yeye. Usiufuate tu, wala usiende kwa mtu akusafishe nyota. Sema: "Allahumma la khayra illa khayruk, wa la tayra illa tayruk, wa la ilaha ghayruk", yaani: Ewe Mola, hakuna heri ila heri Yako, hakuna ndege ila ndege Wako, wala hakuna mungu asiyekuwa Wewe.

Na mumeo asinyamaze. Akae na dada zake kwa upole, awasomee Suratul-Hujurat, aya ya 11, inayokataza kuitana majina mabaya, kisha wakuombe radhi. Baba yao alifikiwa na siku yake ya kufa, iliyoandikwa kabla hata hujazaliwa.

Wallahu aalam.